Pumu ya Punda wa Mama Mkwe

Kwetu Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani lazima mmoja aingie kichakani. Hiyo ndiyo nthoni. Ni heshima, ndivyo wazee walivyonieleza siku ya mahari, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu nilitaka mke, si mjadala. Mama mkwe wangu ameokoka. Anaimba kwaya ya akina mama, anafunga, anaombea wagonjwa mpaka jasho linamtoka. Lakini nthoni haikuokoka naye. Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwa nimewahi kuuona uso wake mzima. Nilizijua leso zake, nilivijua visigino vyake, na niliijua sauti yake kutoka nyuma ya nyumba.

Mimi ni daktari wa mifugo. Haya, si daktari wa digrii. Nina cheti, pikipiki na mkoba, na ofisi yangu ni agroveti ndogo, duka la dawa za mifugo, pale Kathonzweni. Ng'ombe hajawahi kuniuliza cheti. Hasira ninazo, wateja wangu wanajua. Mtu akinipigia simu mbuzi akiwa ameshakauka, namwambia huyo sasa ni wa pasta, si wangu.

Msimu mmoja, ndengu zikiwa zimeshavunwa na kila nyumba inapura, mke wangu alinipigia simu. Yeye ni mwalimu ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na nyumbani huja mwisho wa mwezi.

"Punda wa mama anakohoa," akasema. "Nenda umwone. Na tafadhali, usimpigie mama kelele."

"Nitampigia kelele vipi na hata siruhusiwi kumwona?"

"Wewe unaweza," akajibu, akakata simu.

Huku kwetu punda si mnyama wa mchezo. Mto wa karibu na kwa mama ni mchanga mtupu, maji yanachimbwa kwenye mchanga, na kutoka hapo mpaka kwa mama mkwe, huko ndani Kalamba, ni mlima. Mama anaishi peke yake na magoti yake yalishagoma zamani. Yule punda, jike la kijivu lenye sikio moja lililoliwa na kupe, ndiye aliyekuwa bomba lake. Punda akifa, mama hana maji. Mama akikosa maji, itabidi ahamie kwetu, na kwetu ni vyumba viwili. Mkwe na mama mkwe chini ya bati moja? Heri niambiwe nilale kwenye agroveti na madawa ya kupe. Kwa hiyo niliwasha pikipiki nikiwa na haraka ya kweli.

Nilisimama langoni, nikakohoa kama desturi inavyotaka. Punda alikuwa amefungwa pale kwenye mti wa mgunga, ananingoja. Mama mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya nyumba. Kawaida mke wangu ndiye hutubebea maneno, na siku hiyo hakuwapo. Nikajiuliza tutaongeaje. Mama mkwe alikuwa ameshapata jibu.

"Wewe punda," sauti ikatoka huko nyuma, "mwambie daktari unakohoa tangu tupure ndengu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamgeukia punda. "Punda, mwambie mama nimesikia. Muulize, unakula?"

"Punda, mwambie daktari unakula vizuri, ila ukipanda mlima unasimama kila mara."

Hivyo ndivyo tulivyoongea siku zote hizo, mimi na mama wa mke wangu, punda akiwa katikati na masikio yake moja na nusu.

Nilimpima joto, hana homa. Pua hazitoi usaha. Lakini tundu za pua zilikuwa zimepanuka, na tumbo lilikuwa linasukuma pumzi kwa nguvu mpaka msuli umejichora mstari chini ya mbavu. Nilipoweka sikio kifuani nikasikia mluzi. Mluzi huo niliujua. Nilipokuwa chuo nilipelekwa kujifunza kazi kwenye mazizi ya farasi nje ya Nairobi, farasi wa matajiri wanaooga kuliko sisi wanafunzi, na mmoja wao alikuwa anapumua hivyo hivyo. Ilikuwa pumu. Daktari wa pale, mama mmoja mkali, alituambia farasi akikohoa hivyo, kabla hujafungua mkoba, nenda kwanza uangalie anapolala. Vumbi na ukungu wa majani makavu ndivyo vinavyomwua. Dawa ni steroidi, na steroidi inazima moto tu, haiondoi kuni.

Nami nikauliza, sikukosa kuuliza. "Wewe punda, unalala wapi?"

Kuku akapita na vifaranga vyake. Nikauliza tena.

"Punda," sauti ikasema polepole, "mwambie daktari unalala bomani, kama punda wengine."

Boma liko nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ni kwa mama mkwe. Mkwe hafiki huko. Ningeweza kwenda wapi? Nikaamini. Nikauliza chakula, nikaambiwa ni makapi ya ndengu. Nikasema, basi hayo makapi mnyunyizie maji kabla hajala, vumbi lisimwingie. Nikamdunga sindano ya deksa, ndiyo hiyo steroidi, nikaacha vidonge vya predinisoloni vya kusaga na kuchanganya na uji, nikaeleza jinsi ya kuvipunguza kidogo kidogo. Punda alisikiliza yote.

Kesho yake mama mkwe alimpigia binti yake kusema daktari ana mkono wa baraka. Punda amepumua, punda amepanda mlima na mitungi minne bila kusimama. Nilitembea Kathonzweni nikiwa nimefura kifua, aki. Nani mwingine alikuwa ametibu pumu ya punda huku?

Kabla ya Jumapili punda alikuwa amerudia kukohoa.

Nikarudi langoni. Sindano tena, vidonge nikaongeza. Akapata nafuu, nafuu ikaisha. Nikarudi tena. Sasa nilianza kuogopa, kwa sababu dawa hii ina meno. Ukimpa farasi au punda steroidi nyingi kwa muda mrefu, kwato zinaweza kuwaka moto kwa ndani, mnyama akasimama kama anayekanyaga makaa, na kwato zikiharibika vibaya hapo hakuna daktari. Nikimpa kidogo, pumzi inamwua. Nikimpa sana, miguu inamwua. Kila nikifika nilimshika kwato kwanza, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso, na kila mara nikamuuliza yule punda swali lile lile kwa sauti kubwa.

"Unalala wapi?"

"Bomani! Mwambie bomani!" Sasa mama mkwe naye alikuwa amekasirika.

Nilimpigia mke wangu. "Mama yako ananificha kitu."

"Mama yangu hadanganyi," akasema, lakini alichelewa kidogo kulisema, na mimi naijua pumzi ya mke wangu.

"Wewe unajua. Niambie."

"Tibu punda," akasema. "Kazi yako si ni hiyo?"

Niliirusha ile simu kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Ndiyo, niliirusha, ikapasuka kioo, na mpaka leo naitumia hivyo hivyo.

Ikafika alasiri moja nikaenda nikakuta hakuna punda kwenye mgunga. Nikakohoa. Hakuna sauti. Nikakohoa tena, nikapiga honi ya pikipiki. Ndipo nikasikia, si sauti ya mtu, ule mluzi wenyewe. Kutoka langoni nilikuwa nausikia! Na haukuwa unatoka bomani. Ulikuwa unatoka ndani ya nyumba.

"Punda!" nikaita kama mjinga. "Mwambie mama..."

"Daktari," sauti ikasema. Haikupitia kwa mtu, haikupitia kwa punda. "Mwanangu. Anakufa. Ingia."

Nataka nieleze vile miguu yangu ilikataa. Mimi ni mtu wa cheti, nimeingiza mkono wangu mpaka begani ndani ya ng'ombe, sina haya. Lakini mlango wa nyumba ya mama mkwe, chumba anacholala, huo ni mwiko niliolelewa nao kabla sijajua kusoma. Nilisimama kizingitini nimeshika mkoba. Mluzi ukakatika, ukarudi. Nikasema, Mungu wangu nisamehe, nikaingia.

Moshi, mkojo na ukungu vilinivamia macho. Chumba kilikuwa kimoja, dirisha dogo limezibwa kwa gunia. Upande huu kitanda cha mama. Upande ule magunia ya makapi ya ndengu mpaka karibu na bati. Katikati, kati ya kitanda na magunia, punda. Shingo ameinyoosha mbele, tundu za pua zimekuwa kubwa, na chini yake makapi yaliyonyunyiziwa maji, yale yale niliyoyaagiza mimi, yameoza yakaota ukungu mweupe. Nilikuwa namdunga sindano mchana, na usiku anafungiwa ndani ya ugonjwa wenyewe.

Na mama mkwe alikuwa pale, ameshika kichwa cha punda kwa mikono miwili, leso imeanguka mabegani. Ndiyo mara ya kwanza nikauona uso wake. Ni uso wa mke wangu, umezeeka.

"Mama, tumtoe nje! Sasa hivi!"

"Hataki kutembea. Nimemvuta tangu asubuhi."

Nikainama nikashika kwato za mbele. Zilikuwa moto. Lo! Kile nilichokiogopa kilikuwa kimeshaanza. Hewa hana, na mguu hawezi kuukanyaga. Mkononi nilikuwa na deksa, dawa pekee ambayo ingemfungulia kifua haraka, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imemchoma kwato.

"Mdunge!" mama mkwe akasema.

"Siwezi kumdunga humu! Nikimdunga humu anapumua saa moja halafu anarudi palepale, na miguu inakwenda. Atoke kwanza!" Nilikuwa nampigia kelele. Nilimpigia mama mkwe wangu kelele ndani ya chumba chake cha kulala, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Halafu akageuka, akavuta godoro lake kitandani na blanketi na kila kitu, akalitandika chini kutoka kwa miguu ya punda mpaka kizingitini. Lilikuwa godoro jembamba la sponji, la maua. "Akanyage hapa," akasema. "Hapa ni laini."

Nilisukuma nyuma, yeye akavuta mbele. Punda hakusogea. Mama akaja nyuma, tukasukuma pamoja bega kwa bega, jasho lake na langu, na akawa ananiambia, "Sukuma, wewe kijana, kwani hukula?" Punda akainua mguu mmoja akauweka kwenye godoro. Akatetemeka. Akainua mwingine. Kila hatua nilifikiri ataanguka na akianguka mlangoni hatutoki, si yeye si sisi. Tulipofika kizingitini tukalivuta godoro mbele tena, na tena, mpaka chini ya mgunga penye upepo.

Hapo ndipo nikamdunga, kidogo kuliko nilivyotaka. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwagia kwato maji ya mitungi yote miwili iliyokuwa imebaki. Mama hakusema neno juu ya maji yake. Tukakaa chini, yeye upande huu wa punda na mimi ule, tukingoja. Jua lilikuwa linakaribia kutua ndipo tumbo la punda lilipoacha kusukuma. Alishusha kichwa, akapiga chafya, akaanza kulamba mkono wa mama. Mama akalia kwa sauti, na mimi nikaenda kujifanya nakagua pikipiki.

"Ulinidanganya," nikamwambia niliporudi. Nilikuwa bado na hasira.

"Ulitaka nikuambie nini? Kwamba nalala na punda? Wewe ni mkwe wangu." Akajifunika leso tena, nusu uso. "Kwa jirani waliibiwa punda wawili. Tuliwakuta bondeni, ngozi imechunwa, nyama wamewaachia fisi. Lori la ngozi likishafika barabara kuu pale Malili, wewe utamfuata nani? Nikimlaza nje, daktari, hiyo asubuhi nitaamka sina punda."

Nilijua habari hizo za wezi wanaochinja punda kwa ajili ya ngozi ya kuuza ng'ambo. Kila mtu alizijua. Sikuwa nimezijumlisha na kile kikohozi.

"Humo ndani anakufa, mama," nikasema. "Hiyo ni hakika. Nje ni labda."

Alimfuta punda pua kwa ncha ya leso. Mwisho akasema, "Basi alale dirishani kwangu."

Mke wangu alikuja Ijumaa hiyo. Tuligombana kwanza, kama inavyofaa. Alikuwa anajua tangu mwanzo, na aliona aibu kuniambia mama yake analala na mnyama, watu wasije wakasema amerukwa na akili au amekuwa mchawi. Halafu tukafanya kazi. Tulitoa makapi yote tukayachoma, tukafungua dirisha, tukamjengea punda kizizi cha miiba chini ya ukuta. Kamba ya shingo yake ikapitishwa dirishani mpaka kitandani, na mama akawa anajifunga ncha yake kwenye mkono. Wajomba wa mke wangu wakadai mbuzi kwa sababu ya nthoni niliyoivunja. Nikatoa, tukamla, wakatubariki, na mama mkwe akaninawisha mikono mbele ya watu wote. Alikuwa na haya bado. Akisahau alimgeukia punda, "Mwambie daktari chai iko tayari," halafu akacheka mwenyewe.

Wiki zikapita. Dawa nikaipunguza, nusu kidonge, robo, mpaka nikaiacha kabisa. Punda alikula majani mabichi na mabua yaliyoloweshwa asubuhi ile ile. Kwato zikapoa, nikazichonga. Kukohoa alikohoa bado, kikohozi kimoja kimoja usiku, na mama aliniambia hicho hakimsumbui, akikisikia anavuta kamba kidogo, punda naye anavuta, wanalala tena. Nilimwambia hata hicho kitaisha. Nilikuwa na uhakika, na nilijivuna. Punda akaanza kubeba mtungi mmoja, halafu miwili. Siku niliyomsikiliza kifua nisisikie chochote, hewa tu inaingia na kutoka, nilimbusu kipaji cha uso, mimi mtu mzima.

Asubuhi moja nikiwa nafungua agroveti, boda ilisimama mbele yangu na mama mkwe akashuka. Hakuwa amewahi kufika Kathonzweni kwangu. Hakuwa na leso kichwani. Kwenye mkono wake wa kulia kulikuwa na kamba, kipande kifupi, na ncha yake ilikuwa imekatwa safi kwa kisu.

Nilimkalisha kwenye gunia, nikapiga magoti nikaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekaza sana, mkono umevimba, kucha zangu hazikushika. Alikuwa ananitazama usoni bila kujificha.

"Mmempata?" nikauliza mwisho.

"Bondeni," akasema. "Wameacha kwato."

Nikaendelea na lile fundo. Nilitaka kupiga kitu, nilitaka kupiga mtu. Nikamuuliza, kwa ukali nisioutaka, kwani hakusikia chochote? Watu wamefika dirishani, wamekata kamba iliyo mkononi mwake!

"Siku zote nilikuwa namsikia," mama mkwe akasema. "Akikohoa naamka, namvuta, najua yuko. Jana hakukohoa hata mara moja, mwanangu. Ndiyo maana nikalala."